Vitunguu-Mwitu vya Kwaresima

Vitantonia alikuwa akichimba vitunguu-mwitu kando ya ngano, jembe likizama, maana vitu hivyo hujificha chini kabisa. Mama mkwe wake, Incoronata, akachuma ua akampungia usoni.

"Unaona hivi vijiua vya zambarau vya juu? Urembo mtupu, havizai! Vinavyozaa ni hivi vya kahawia, vya chini. Haya, mke wa mwanangu, wewe ni wa juu au wa chini?"

Vitantonia akaendelea kuchimba. Vitunguu hivyo ni vichungu kama shubiri, sharti vilowekwe usiku kucha ili uchungu utoke.

Kesho yake mezani, wageni walioalikwa walikula vitunguu hivyo wakilamba vidole. Incoronata alitafuna kimoja kutoka sahani yake, akakitema.

"Hukuloweka, mshenzi we!"

"Vya wageni nimeloweka, mama. Vyako nimeviacha, maana mdomo wako umeshazoea uchungu."