Kamba Saba za Mwangaweni

Nchi ya Usungo imelala kati ya milima miwili iliyopeana mgongo kama watalaka, na watu wake, ukiacha mengine yote, ni watu wanaopenda viti. Huko mtu hupimwa kwa urefu wa kiti chake. Maseremala ni matajiri kuliko matabibu, na hata msibani waombolezaji hugombea kwanza mahali pa kukaa ndipo wakumbuke kulia. Juu ya kilima kidogo cha katikati ipo Shule ya Mwangaweni, isiyo ya mfalme wala ya dhehebu lolote. Wazazi waliijenga kwa mikono yao, kisha wakaikabidhi kwa Baraza la Viti Saba ili liitunze.

Waasisi hao walikuwa na akili zao. Viti saba vya Baraza walivichimbia barazani mwa shule, vikatazama nje kuelekea bondeni, vikayapa madarasa kisogo. Kazi ya wajumbe, walisema, ni kumchagua mwalimu mkuu mwema na kutazama mbali: mvua inayokuja, njaa inayokuja, na korongo lile linalokitafuna kilima kidogo kidogo kila masika. Mambo ya ndani waliyaacha kwa mwalimu mkuu, wakampa kengele moja yenye kamba moja. Na ili pasiwe na ubishi, kila mwanzo wa mwaka wajumbe huapa hadharani huku wameishika kamba hiyo: "Mkono upigao ndio ufundishao, mpaka kengele ilie tena."

Kiapo kilibaki, maana yake ikapotelea njiani. Bwana Tunguja alipokikalia kiti cha mwenyekiti, shingo ilimuuma kwa kugeukageuka kuchungulia madarasani, akaamuru viti ving'olewe na kugeuzwa. Haikutosha. Akafunga kamba ya pili kwenye kengele, akaivuta kutoka kilimani mpaka kibarazani kwake, ili aipige pale anapoona inafaa, na ilifaa kila mjukuu wake alipoulizwa swali gumu. Bi Pandikizi naye akavuta ya kwake. Yeye hupiga akiona watoto wamekaa juani kupita kiasi. Hakimu Sange hupiga akisikia wenzake wamepiga, kamba yake isije ikasahaulika. Mwishowe kamba za wajumbe zikatimia saba, zimetanda juu ya mji kama kamba za kuanikia nguo, na ile ya nane, ya mwalimu mkuu, ikawa nyembamba kuliko zote. Wazazi walinong'ona kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini walinong'ona wakiwa wameketi.

Katika miaka minne walimu wakuu wanne walikuja na kuondoka. Wa tano ni Mwalimu Radhia, binti wa mponda kokoto, aliyesoma Mwangaweni hiyohiyo enzi za kamba moja. Aliipenda shule ile mapenzi ya kumkosesha usingizi, na darasa lake la sita lilikuwa halijamaliza somo la kugawanya tangu mwaka uanze. Mtihani ulipokuja, watoto walianguka wote isipokuwa wawili, nao walikuwa viziwi.

Bwana Tunguja alimwita Jumatatu.

"Mwalimu, shule imekushinda."

"Bwana Mwenyekiti, leo kengele imelia mara kumi na tisa. Mimi nimepiga mbili."

"Sasa unatuhesabia? Ijumaa Baraza litakaa. Anza kufunga vitabu vyako."

Radhia alipanda kilima kurudi shuleni. Hakuwa na kwa kukimbilia, wala hakutaka kukimbia. Asubuhi ya pili alikuwa ubaoni, chaki mkononi, ameandika hesabu moja tu, kengele ikalia. Watoto wakasimama kama walivyozoea, wengine wakaketi, wengine wakatoka. Yeye akabaki anaitazama kengele inavyoyumba, na kile kiapo cha mwanzo wa mwaka, alichokisikia wajumbe wakikikariri kikasuku huku wakipiga miayo, kikamrudia neno kwa neno.

"Chukueni vibao vyenu," aliwaambia watoto. "Tazameni kamba iliyotikisika, muifuate mpaka mwisho wake. Aliyeko huko ndiye mwalimu wenu. Msiondoke mpaka kengele ilie tena."

Watoto arobaini waliifuata ile kamba juu ya mapaa na mashamba ya mihogo mpaka nyumbani kwa Bi Pandikizi, wakamwamkia shikamoo kwa sauti moja, wakaketi ukumbini mwake juu ya mazulia. Bibi huyo, aliyekuwa na wageni na birika la chai, aliwafundisha kimya. Yaani aliwaambia wanyamaze, wakanyamaza, wakamtazama saa nzima bila kupepesa, mpaka Radhia alipopiga kengele. Habari zilishuka mjini kabla chai haijapoa, na mchana ule wajumbe watano walionekana wakizikwepa kamba zao kama mtu akwepavyo siafu.

Bwana Tunguja alicheka. Yeye hatishwi na watoto. Jumatano asubuhi mjukuu wake alipoitwa ubaoni, aliivuta kamba yake kwa nguvu zote, na muda si muda darasa la sita lilikuwa kibarazani kwake, vibao magotini.

"Babu, tulikuwa kwenye kugawanya," alisema msichana wa mbele. "Maembe ishirini na tatu kwa watu saba."

"Kila mmoja matatu," alisema Tunguja, na jasho likamtoka kwa furaha ya kupata.

"Na mabaki?"

"Mabaki huchukuliwa na mwenyekiti."

Watoto wakatazamana. "Mwalimu hutuambia mabaki huandikwa pembeni, kila mtu ayaone."

Jua lilipanda. Tunguja, ambaye akijipigia mwenyewe angebaki mwalimu yuleyule, alisubiri mjumbe yeyote apige kengele amwokoe, lakini wenzake wote sita walikuwa wamejifungia ndani, kila mmoja akiiogopa kamba yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Walipofika kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili, mwenyekiti alikuwa ameketi sakafuni, kiti chake kirefu amempa mtoto mwenye homa, na aliulizwa maswali ambayo hajaulizwa na mtu yeyote tangu apate cheo. Adhuhuri Radhia aliteremka, akasimama uani.

"Piga kengele, Mwalimu, nakusihi."

"Nitapiga, Bwana Mwenyekiti. Kama bado nina kazi ya kupiga kengele. Ijumaa je?"

"Ijumaa gani?" Tunguja alijifuta uso kwa kilemba. "Ijumaa tutazungumzia korongo."

Radhia alipanda kilima polepole, na alipoivuta ile kamba nyembamba alikuwa analia wala hakujificha. Alipiga mara moja tu.

Ijumaa Baraza lilikaa. Viti vilikuwa vimerudishwa vinatazama bondeni, na wajumbe waliona kwa macho yao kwamba korongo limebakiza hatua thelathini kuufikia ukuta wa shule. Waligawana zamu za kupanda matete kingoni mwake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyegombea zamu ya mwenzake. Kamba saba zilikuwa bado zimetanda juu ya mji. Hakuna aliyethubutu kuzifungua, kwa sababu kuifungua kamba ni kuitikisa.

Mara kengele ikalia, mlio mmoja, mdogo.

Wajumbe saba waliruka vitini kwa pamoja, viganja wameviinua juu vionekane.

"Si mimi!" alisema Bwana Tunguja. "Wallahi, mikono yangu hii hapa!"

"Wala mimi!" alisema Hakimu Sange, ambaye mwaka mzima alikuwa akipigania haki ya kupiga.

Hapakuwa na upepo siku ile. Radhia alikuwa mlangoni pa darasa la sita, mkono mmoja una chaki, mwingine uko nyuma ya mgongo wake. Aliwatazama wale wazee waliosimama wima mbele ya viti vyao, akawapa salamu ya heshima, akaingia kufundisha.