Desi na Barua za Karani

Ng'ombe wa Mzee Gichuru aliitwa Desi, na kama Dagoretti nzima kulikuwa na mnyama mwenye madharau, basi ni yeye. Mzee Gichuru alimnunua akiwa mtamba kutoka kwa Mzungu mmoja wa Lavington aliyefunga mizigo kurudi kwao mwaka wa uhuru, na Desi hakusahau alikotoka. Miaka minane baadaye bado alitembea polepole, shingo juu, kama mkaguzi aliyetumwa kuona Waafrika wanaendeleaje.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwaka wa sabini na moja, alikwenda kukagua mahindi ya Sifuna. Alikula mashina kumi na manne, akalala juu ya mengine matatu kupumzika, kisha akarudi kwao kukamuliwa.

Sasa, huyu Sifuna alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Robo eka yake aliinunua mwaka uliotangulia, ikipakana na shamba la Mzee Gichuru, na aliipenda kupita kiasi. Lakini baba yake, Mzee Tobias wa Kimilili, hakuamini kwamba Nairobi kuna udongo. Aliamini kuna lami tu. Alikuwa amemwandikia mwanawe kwamba angefika mwisho wa mwezi wa saba kuliona hilo linaloitwa shamba, na akiona ni mchezo wa watoto, liuzwe, wakatafute ardhi ya kweli huko Kitale. Na Mzee Tobias akisema neno, nyumbani kwao hakuna aliyejua njia ya kulizunguka. Kwa hiyo yale mahindi hayakuwa mahindi tu. Yalikuwa mashahidi wa Sifuna, na Desi alikuwa anawala mashahidi.

Mtu mwingine angekwenda kwa jirani akabishe hodi. Sifuna alikaa mezani akaandika barua.

"Kumb. S/NG/1/71," aliandika. "Yah: Uharibifu wa Mahindi. Rejelea ng'ombe wako aitwaye Desi, aliyeingia shambani mwangu bila idhini. Inafahamika kote kwamba mwenye mnyama ndiye mwenye jukumu la kujenga ua. Ni mzee mzembe tu asiyelijua hilo. Unatakiwa kujenga ua katika muda wa siku saba. Nakala: Jalada." Jalada lenyewe lilikuwa boksi la viatu chini ya kitanda.

Mkewe, Peres, alipewa barua ampelekee Njambi, mke wa Mzee Gichuru, watakapokutana mferejini.

"Si ungeenda tu, Baba Isaiah?" Peres aliuliza. "Ni hatua ishirini."

"Mambo ya mpaka ni mambo ya maandishi," Sifuna akajibu.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu, Sifuna akiwa ndio kwanza ameteremka basi na kulegeza tai, Mzee Gichuru alikuja. Hakupita kwenye lile pengo la mpakani alilopitia Desi. Alizunguka njia kuu kama mgeni, akapiga hodi, akakaribishwa kigoda pale mlangoni, kando ya maua meupe ambayo Sifuna alikuwa ameyapanda mistari miwili kupendeza nyumba. Mzee akayatazama yale maua kwa muda. Kisha akatoa bahasha kwenye koti.

"Karani, nimeletewa barua," alisema. "Na macho yangu ni ya zamani. Hebu nisomee."

Sifuna aliifungua bahasha, akaona mwandiko wake. Kuandika neno kali ni jambo moja, kulitamka mbele ya mzee aliyevua kofia akaiweka gotini ni jambo jingine. Alisoma. Alipofika kwenye "mzee mzembe" alikohoa, akaruka mstari, akaangukia kwenye siku saba.

"Haiya," alisema Mzee Gichuru. "Huyo mtu ako na maneno. Ni nani?"

"Ni... ni mimi, Mzee."

"Ni wewe! Basi uko na mkono mzuri sana." Akasogeza kigoda. "Barua lazima ijibiwe, ama ni tabia mbaya. Na mimi sina kalamu. Niandikie."

Hapo ndipo Sifuna angecheka, nao wakayamaliza. Lakini miaka kumi na moja masijala haikumfundisha kucheka, ilimfundisha kwamba kila barua ina jibu lake. Akachukua karatasi.

"Mwambie hivi," Mzee Gichuru alisema, akiangalia juu kama anayesoma mawinguni. "Ng'ombe haijui sheria. Inajua njia. Mtu akiacha nyama mezani na mlango wazi, atashtaki paka? Mwenye mahindi ndiye afunge mlango."

Sifuna aliandika. Na kwa kuwa alikuwa fundi wa kazi yake, hangeweza kuiacha barua ya watu iende ikiwa uchi. Akaongeza "aidha", akaongeza "kwa mantiki hiyo", akapanga hoja ya paka ikasimama wima. Alipomsomea mzee, mzee alitikisa kichwa kwa furaha, akatia kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya barua, kisha akamkabidhi karatasi ileile.

"Sasa mpatie huyo karani Sifuna," akasema, akaaga.

Usiku ule Sifuna alijikuta ameshindwa na barua yake mwenyewe. Hoja ya paka ilimkera sana. Alitafuta pa kuipasua asipate, maana aliijenga vizuri mno.

Lakini alijibu. Na Mzee Gichuru akaja na jibu hilo kusomewa, akakaa palepale kando ya maua, akasikiliza, akasifu mkono, akaandikiwa jawabu. Ikawa ndiyo kazi ya kila Jumamosi. Njambi alianza kumtuma mumewe na chupa ya maziwa, kwa sababu si vizuri kumtuma mtu kazi ya kalamu mikono mitupu. Maziwa yalikuwa mazito, yenye malai juu. Peres aliyapokea huku akijua vizuri yametokana na nini.

Maana Desi naye hakungoja barua. Mashina kumi na manne yalifika thelathini na moja, kisha hamsini na kitu. Sifuna aliyaandika yote kwenye jalada.

"Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi," Peres alimwambia siku moja, mikono kiunoni katikati ya mahindi yaliyolala. "Hapa ni mahindi, tena fahali wenyewe wanapigana kwa kalamu moja. Papa wa Kimilili anakuja baada ya wiki mbili. Utamwonyesha boksi la viatu?"

Sifuna alimwacha pale na maneno yake. Alikwenda akasimama kwenye lile pengo. Alikumbuka alivyolisafisha mwenyewe mwaka uliopita, siku za kwanza, panga mkononi, akifyeka vichaka vyote vya mpakani mpaka pakang'aa. Alijisifu siku hiyo. Sasa aliona tu jinsi ng'ombe anavyoweza kupita hapo bila hata kugeuza pembe, na akalifukuza wazo hilo haraka.

Jumapili ile Peres alialikwa na Njambi kwenye kanisa lao, kulikuwa na harambee ya mabati. Alirudi saa nane, akavua kitambaa, akakaa, akaanza kucheka peke yake.

"Nini?" Sifuna akauliza.

"Unajua ni nani aliyesoma neno leo? Sura nzima, tena bila miwani?"

"Nani?"

"Mteja wako."

Sifuna alipigwa na butwaa. Akahesabu: barua tano. Mara tano alisoma kwa sauti, polepole, kama anayemfunza mtoto. Na ule mstari alioruka! Mzee alikuwa ameusoma kabla hajaondoka nyumbani kwake. Alitamani ardhi impasukie, hata kama ni robo eka tu.

Jumamosi iliyofuata Mzee Gichuru alikuja kama kawaida, kofia gotini, chupa ya maziwa miguuni. Sifuna alishika kalamu, macho chini. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo aliacha mzee aanze.

"Leo ni fupi," Mzee Gichuru alisema. "Mwambie hivi. Haya maua iko kwa mlango yake inaitwa itoka. Cucu, nyanya yangu, ndiye aliipanda pale kwa mpaka, mimi nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Kwetu hiyo ndiyo mpaka. Waya inaoza, mti inakatwa, lakini itoka haiguswi na mtu. Mtu akiing'oa, anaitwa na wazee, anatoa mbuzi, na hiyo aibu haitoki haraka. Mwambie nilimwona akiing'oa. Nikasema, huyu ametoka mbali, hajui. Nikasema, labda anataka kujenga ua mpya, ataniita. Nikangoja aniite."

Kalamu ilisimama. Sifuna aliyatazama yale maua meupe yenye michirizi ya waridi, yale yale aliyoyang'oa kati ya vichaka akifurahia vitunguu vyake vikubwa vya mizizini, akayapanda mlangoni kama mapambo. Kwao Kimilili, kwa Wabukusu, mpaka ulipandwa miti ya mitupa, na baba yake aliwahi kumchapa kwa kuvunja tawi moja tu. Huko kwao alijua. Hapa aliona maua. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita hakutafuta neno la kiofisi la kuifunika.

"Mzee," alisema, "unajua kusoma."

"Najua. Mission walinifundisha kabla hujazaliwa."

"Sasa mbona uliniletea mimi?"

"Ile barua ya kwanza ilikuwa na neno." Mzee Gichuru alikuna kidevu. "Nikasema, wacha niende nione kama linaweza kutoka kwa mdomo ya mtu akiniangalia. Ukaliruka. Nikajua uko na mama na baba, umelelewa. Ndiyo nikaendelea kuja."

"Na kwa wazee hukunishtaki."

"Nikushtaki ndio nani aniandikie barua?"

Sifuna alicheka, akasikia machozi yakimkaribia, akacheka zaidi ili yasimtoke. Aliweka kalamu chini. "Nisamehe, Mzee. Ua ni wangu kuujenga."

"Si yako peke yako. Ng'ombe ni yangu. Lete jembe."

Walivua makoti. Walichimbua itoka moja moja, kitunguu na udongo wake, wakairudisha kwenye mstari. Mzee Gichuru hakupima kwa kamba, alipima kwa miguu, maana nyanya yake alimwonyesha. Kisha akaleta seng'enge iliyobaki banda lake lilipojengwa, Sifuna akaleta nguzo, na kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, hata Peres na Njambi wakashika waya. Desi alisimama upande wake akitazama kazi hiyo kwa dharau.

Walikuwa kwenye nguzo ya mwisho Mzee Tobias alipotokea barabarani, mkongojo mkononi, kofia ikiyumba kama kuku anayekimbizwa. Alikuwa amewahi kwa siku nne. Ndivyo alivyofanya siku zote, ili akute mambo yalivyo.

Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya shamba akiangalia. Na kulikuwa na nini cha kuangalia? Mistari miwili ya mahindi iliyosalimika kando ya choo, na mahali pengine pote mashina yaliyovunjika. Sifuna alimfuata nyuma mikono ikiwa na tope, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita na akijiona wa saba.

"Haya ndiyo?" Mzee Tobias aliuliza.

"Ndiyo haya, Papa."

Mzee Tobias alifika kwenye ua mpya, akasimama. Hakuutazama ua. Alimtazama Desi. Alimtazama mgongo mpana, manyoya yanayong'aa, kiwele kilichojaa, akainama kumtazama miguu, akainuka. Kama kuna jambo lililoweza kumsahaulisha hasira mtu huyo, ni ng'ombe.

"Nimefuga miaka hamsini," alisema hatimaye, "sijapata wa namna hii. Huyu anakula nini?"

Peres alitazama mawingu. Sifuna aliinama akakwangua tope mikononi. Ni Mzee Gichuru aliyejibu, akiwa ameshika nyundo.

"Anakula mahindi ya mtoto yako."

Mzee Tobias alimgeukia mzee yule asiyemjua, akamtazama, akamtazama tena Desi, kisha akainama kwa shida akachota udongo kiganjani, akaufinya, akaunusa.

"Ya shamba hili hili?"

"Hili hili. Tangu mwezi wa sita."

Mzee Tobias aliufinya tena. Halafu akauweka ule udongo, si kwa kuumwaga, aliuweka pale alipoutoa, akajipangusa mkono kwenye suruali.

"Basi haliuzwi," alisema. "Sifuna, niletee kiti nikae hapa nimwone vizuri. Na huyu mzee ni nani?"

Sifuna alitaka kujibu, lakini Mzee Gichuru alikuwa ameshamshika mkono mgeni.

"Mimi ni Gichuru. Jirani yake. Tunaandikiana."