Kano Zilizoishia Ndooni

Kazi yangu ni kuvuta mabega ya kondoo mpaka yakatike. Nimeifanya miaka ishirini na miwili katika maabara ya mifupa hapa Adelaide. Watu wakiniuliza kwenye sherehe nafanya nini, huwa nawadanganya kwamba napima ubora wa kamba, maana ukitaja mabega ya kondoo mbele ya mtu mwenye sahani ya nyama mkononi, huna mazungumzo tena.

Mdogo wangu Neville naye amekula jasho la kondoo maisha yake yote. Ni mkata manyoya, tangu ana miaka kumi na saba. Mwaka juzi, akiwa na sitini na moja, bega lake la kulia lilikataa. Kano inayoinua mkono ilikuwa imebanduka kwenye mfupa, na mkewe Coral ndiye aliyekuwa akimvalisha shati. Akaja kuniuliza mimi, si daktari wake, ashonwe kwa njia gani.

Njia zilikuwa mbili. Ya zamani, daktari anatoboa mfupa na kuifunga kano kwa uzi unaopita kwenye matundu. Ya pili ilikuwa ya bosi wangu, Profesa Coldrey, ambaye pia ni daktari wa upasuaji: safu mbili za skrubu ndogo zenye nyuzi, zinazoibana kano juu ya mfupa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikipima ipi ina nguvu zaidi.

Kila Jumatatu mabega yalikuja kutoka machinjioni. Daktari kijana alishona, nusu hivi, nusu vile. Mimi nilibana mfupa chini na nyama juu, nikailowesha kano kwa maji ya chumvi isikauke, nikaiacha mashine ivute polepole. Ilipoachia, nikaandika kilo.

Tatizo lilikuwa kondoo wazee. Machinjioni hawakuchagulii, wanakupa walichonacho. Kano za majike wazee zilikuwa nyembamba, zimechanikachanika pembeni, na namba zake zilinivurugia jedwali. Tatu za kwanza nilizivuta, zote za skrubu. Skrubu hazikutikisika hata kidogo, ila kano yenyewe ilipasuka katikati, karibu na nyama, kipande kikabaki kimebanwa mfupani. Nikaandika pembeni, "nyama mbovu." Halafu nikafuta zote tatu, nikajiwekea kanuni: kano iliyochakaa haipimwi, inakwenda ndooni. Profesa akaipitisha, akasema mbele ya watu kwamba Glenys ana jicho kali. Na mimi mjinga nikavimba kichwa.

Kwa hiyo zilipimwa arobaini, zote changa, zote nzuri. Njia ya zamani iliachia kwenye kilo ishirini na mbili, ya Profesa ikafika thelathini na nane. Makala ikatoka, na kwa mara ya kwanza jina langu likawa juu pamoja na ya madaktari.

Jumapili hiyo nilikwenda Burra kwa Neville, kama kila Jumapili. Nilikuwa na ile makala kwenye mkoba.

"Safu mbili, Nev," nikamwambia. "Wala usijiulize."

"Una uhakika, dada?"

"Nimevuta arobaini kwa mikono yangu."

Hakuuliza tena. Neville hajawahi kunibishia tangu utotoni, na siku ile nilifurahi kwamba habishi.

Profesa alimpasua mwezi wa tatu. Mwezi wa saba Neville alinyanyua birika la chai, akasikia kitu kikiachia ndani ya bega. Niliiona picha kabla hajaonyeshwa yeye. Skrubu zilikuwa zimekaa vizuri mahali pake, zinapendeza kutazama, kipande cha kano kimebanwa chini yake, na kano iliyobaki imerudi ndani kwenye nyama. Sikuhitaji kuelezwa. Njia ya zamani ikishindwa, mara nyingi ni uzi unaoachia, kano inabaki na daktari anashona tena. Kwa Neville hapakuwa na cha kushonea. Profesa alimwambia mkono huo hautapanda juu ya kifua tena.

Nikarudi maabara nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliwaomba machinjioni majike wazee tu, nikavuta mabega kumi yaliyofungwa kwa skrubu. Saba yalipasuka katikati. Nikampelekea Profesa karatasi nikiwa na hasira, na sijui hasira ile ilikuwa juu ya nani. Alisoma mara mbili, uso ukamchangamka.

"Hii ni makala nyingine kabisa, Glenys."

Nilimuuliza kuhusu ndugu yangu. Akasema anasikitika sana, na kwamba tungeweza kumtaja kama mgonjwa wa mfano, bila jina. Ninamchukia mtu yule. Lakini si yeye aliyekuwa ameshika ndoo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumapili iliyofuata nilimweleza Neville kila kitu. Coral alikuwa amemkatia nyama vipande vidogo, naye anakula kwa mkono wa kushoto, anadondosha. Nilimwambia kuhusu zile tatu nilizofuta na kuhusu kanuni yangu. Nilimwambia kwamba katika zile arobaini hapakuwa na bega hata moja la mzee. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa njia nzima.

Akatafuna, akameza, akaweka uma.

"Jike mzee ngozi yake inachanika ukimkata manyoya kama kijana," akasema. "Unapunguza mwendo, unalegeza mkono. Kila mtu bandani anajua hilo, hata wa wiki ya kwanza."

"Mimi sikujua, Nev."

"Najua hukujua." Hakupandisha sauti. "Lakini kila Jumapili ulikuwa umekaa hapo hapo, dada. Ungeniuliza tu."

Coral akaondoa sahani zetu, yangu ikiwa imejaa vilevile.