Nyundo Mkononi mwa Herieli

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga. Konstantini wa Nangara yeye aliwatukana wakunga na watoto wao. Siku pikipiki ilipomgonga pale Bonga ikamvunja paja la kushoto, alifikishwa hospitali akiwa amebebwa, na daktari wa mifupa alikuwa nani? Herieli! Mtoto wa yule mjane aliyemng'olea minyaa ya mpaka.

Wala msidhani aliing'oa kwa bahati mbaya. Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa mpya, ardhi iliwatia watu wazimu, na Konstantini alisogeza mpaka hadi akameza nusu ya shamba la mahindi la Mama Herieli. Mama wa watu alipokwenda kuuliza, alijibiwa mbele ya majirani kwamba mtu wa kuja hana mpaka, ana begi. Akapeleka kesi baraza la kata. Kabla haijasikilizwa, pikipiki nayo ikafanya yake.

Sasa Konstantini alikuwa amelala wodini, mguu umefungwa kamba inayovutwa na uzito, anamfokea kila anayepita.

"Mtoto wa yule mwanamke hanigusi," alimwambia mkewe, Lukresia. "Ataniacha kiwete. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyo hivyo."

"Ndiyo maana hukuwa daktari," Lukresia alimjibu. "Baba Jovin, mfupa umepandana na mguu unafupika. Hapa hakuna mwingine anayejua kukuwekea chuma. Unataka kulima umekaa?"

Akakubali kwa kinyongo.

Asubuhi ya upasuaji Herieli alikuja na futi ya kupimia. "Shikamoo, Baba Jovin."

"Marahaba," Konstantini aliitikia, kama anayetema kokoto kwenye maharage.

Herieli hakujali. Akaanza kupima paja la kulia.

"Unapima nini huko? Uliovunjika ni huu!"

"Napima mzima, nijue chuma kiwe na urefu gani. Mguu si shamba, Baba Jovin. Siwezi kukadiria kwa macho."

Muuguzi Jacqueline aliinama kuficha kicheko. Konstantini alimuona, na chuki ikampanda mpaka masikioni.

Kumbe sindano ya ganzi ya mgongoni inaua miguu tu, masikio yanabaki hai! Walimwekea pazia kifuani asione, lakini kusikia alisikia yote. Alisikia chombo kikikwaruza ndani ya mfupa wake, kikiuchimba kupisha chuma. Kikaja kimya kidogo, halafu nyundo. Ko! Ko! Ko! Mwili wote ukatikisika mezani kama debe linalogongwa. Jamani, adui yake ana nyundo mkononi, na paja lake limepasuliwa mbele yake. Nani atakuja kuuliza?

"Herieli! Ukinilemaza, Mungu anakuona!"

"Anatuona wote wawili. Tulia."

Ko! Ko!

"Minyaa niling'oa mimi!" Konstantini alipiga kelele, jasho linamtiririka. "Mwambie mama yako shamba nitamrudishia, lote!"

Nyundo ikasimama. Jacqueline akamtazama daktari. Konstantini alishusha pumzi, akidhani ameshanunua mguu wake.

"Sijasikia kitu," Herieli alisema nyuma ya pazia. "Aliyelala kwenye meza hii hana kesi na mimi. Maneno hayo kayaseme barazani." Akagonga tena mpaka chuma kikafika mwisho, kisha akaomba skrubu. Alizifunga juu na chini, mfupa usije ukazunguka wala kufupika.

Kesho yake walimsimamisha kwa magongo. Lukresia aliinama kutazama visigino, vikawa sawa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na daktari. Mumewe hakumshukuru mtu.

Nyumbani, kadiri maumivu yalivyopungua, ndivyo mdomo ulivyorudi, na ile ahadi aliyomsimulia mkewe wodini akaikana. "Eti nilisema nini? Ile sindano ilinipanda kichwani," alidai. "Subiri baraza. Wazee wanione na magongo yangu, nakokota mguu. Nani atamnyang'anya kiwete shamba?"

"Huna aibu," Lukresia alimwambia.

"Aibu haioteshi mahindi."

Siku ya kurudi kuangaliwa, miezi mitatu baadaye, aliingia na Lukresia chumbani kwa Herieli, akichechemea, anaugulia kila hatua. Loo, ungemuona ungelia! Herieli aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa ulikuwa umeshika vizuri kuzunguka chuma.

"Weka magongo chini. Tembea."

"Siwezi. Mguu umekufa."

"Umepona. Tembea."

"Ulinigongea makusudi!" Konstantini akafoka, wa nje wasikie. "Nitawaambia baraza! Mtoto wa mjane amenilemaza kwa ajili ya shamba!"

Herieli alifunga mlango. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu.

"Nilijua utasema hivyo kabla sijakuchana. Nakuchukia, Baba Jovin, usidhani sikuchukii. Umemtukana mama yangu mbele ya watu. Ndiyo maana nilipima mara mbili, na kila skrubu nikaikaza mwenyewe, sikumwachia mtu. Kiwete wangemhurumia. Mimi nilitaka usimame mbele ya mama yangu kwa miguu miwili iliyo sawa, asiwepo wa kukuonea huruma."

Konstantini alitazama mlango uliofungwa. Akamgeukia mkewe amsaidie. Lukresia alikuwa ameshayakwapua magongo yote mawili, amefika mlangoni.

"Twende," alisema. "Baraza ni kesho, na niliyoyasikia kwako nitayasema."

Akatoka. Konstantini akamfuata akiwa ameshika ukuta, kisha akauachia. Alikanyaga mguu wa kushoto kwa nguvu, akitafuta maumivu, hata kidogo tu ya kumsaidia, akayakosa.