Miguu Themanini ya Kushoto

Miguu ya suruali themanini ilikuwa imelala mezani, na yote ilikuwa ya kushoto.

Shangazi aliinua mmoja, akainua wa pili, akailinganisha. Kisha akaketi juu ya jora la kitambaa, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Mimi nililia. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na sare zilitakiwa shuleni Jumatatu asubuhi. Tungechelewa, kazi ya shule tungeisikia kwa majirani.

Kila fundi cherehani anajua kwamba kitambaa hukunjwa uso kwa uso, ili ukikata mara moja upate mguu wa kushoto na wa kulia. Mimi nilikipanga safu juu ya safu, uso wote juu, kwa papara tu. Ng'ambo ya mtaa yule mgeni alikuwa akikata nguo kama anayemenya ndizi, nami nilitaka aone kwamba na sisi tumo.

Alikuwa amekuja miezi mitatu kabla, kutoka nchi aliyoitaja kwa sauti ya chini, akiwa na mke, binti mdogo na mkasi mrefu ajabu. Mtaa ukamwita Mkasi. Wateja wetu wawili wakahamia kwake, kisha watano. "Huyu katutia mchanga kwenye kitumbua," alisema Shangazi, na mafundi wote sita wa mtaa tukaafiki kuandika barua. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Shangazi alishikilia kwamba maneno mazito huandikwa kwenye karatasi nzito, basi nikatumia manila: *Tunaomba mgeni huyu aondoke, kwa kuwa anatunyang'anya riziki.* Tukatia sahihi sote, Shangazi wa kwanza. Barua ilikuwa ndani ya mtoto wa meza, ikingoja kupelekwa ofisi ya serikali ya mtaa Jumatatu hiyohiyo.

Alipomaliza kucheka, Shangazi alijifuta macho, akavuka mtaa. Nilidhani anafuata chai. Alirudi na Mkasi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema mlangoni, bila haya hata kidogo.

Mkasi alitazama meza. Hakucheka, ingawa masharubu yalimtikisika. "Mama, kushona mimi sijui sana," alisema, akiipapasa lugha yetu. "Zipu zangu zinakwenda kombo. Kiwandani kwetu nilikuwa mkataji tu, miaka kumi na moja. Kukata, naweza."

Hapo nikaelewa kwa nini wateja wetu wawili walikuwa wameanza kurudi kimyakimya.

Jora la kaptura za watoto wadogo, la kitambaa kilekile, lilikuwa bado zima. Akakata humo miguu ya kulia ya suruali, na ile ya kushoto iliyozidi akaikata upya iwe kaptura. Akaomba karatasi ngumu ya kuchorea kola za mashati. Shangazi akafungua mtoto wa meza, akampa alichokigusa kwanza. Tukashona, mke wake akitia vifungo, mpaka Jumapili jioni. Sare zilifika shuleni kabla ya kengele.

Barua niliitafuta niichane, sikuiona. Nilidhani Shangazi kaichoma. Yeye alidhani ni mimi.

Miaka ishirini na miwili imepita. Mkasi anakata, sisi tunashona, na mafundi wa mtaa tumefika kumi na tisa. Kodi za vyumba nazo zimepanda, na Shangazi alimlaumu kwa hilo mpaka anafariki, huku akimpelekea chai kila asubuhi. Yule binti sasa ni mwalimu katika shule ileile.

Mwezi uliopita Mkasi aliniambia mikono imechoka, nichukue karatasi zake za kukatia. Nikazitoa msumarini, nikizipangusa vumbi. Ya kola ilikuwa ya manila, kingo zimelainika kwa kushikwashikwa. Nikaigeuza. Mwandiko ulikuwa wangu: *mgeni huyu aondoke, kwa kuwa ana*, na hapo mkasi ulikuwa umepita.

Nikamwonyesha. "Kaka, umejua tangu lini?"

"Siku ile nilikuwa sijui kusoma lugha yenu. Nilijua mwaka wa pili."

"Na ukaendelea kuitumia?"

Akaichukua, akailaza kwenye kola ya shati langu. Ilikaa sawasawa.

"Dada," alisema, "ningepata wapi kola nyingine nzuri hivi?"

Sasa imetundikwa kwangu, maandishi yakielekea ukutani. Kesho nina mashati thelathini ya kukata.