Karamu kwa Rangi za Maji

Mwaka ule wa 1934 wanaume wengi wa Shinyanga mjini walikuwa wamekwenda Geita kufuata dhahabu, na Salehe, fundi cherehani, mume wa Mwahija, alikuwa mmoja wao. Mwahija hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikwenda kwa Mzee Zamoyoni, mpiga picha aliyehamia kutoka Tabora, akamwomba amfundishe kutia rangi picha za watu.

"Za watu baadaye," mzee alimwambia. "Kwanza nakili hii."

Akamtolea nakala ya picha ya kale iliyochorwa Ulaya: sebule iliyojaa watu pomoni. Mwanamume anapiga fidla, mama anamimina kinywaji, watoto wanavuta mkia wa mbwa, na ngazini bado wageni wanateremka. Mwahija aliipenda papo hapo. Ilikuwa kama nyumba ya harusi saa ya pilau.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Alijifunza kuanza na rangi nyepesi, kuacha karatasi tupu penye mwanga, kungoja tabaka moja likauke ndipo atie jingine. Kisha habari zikafika sokoni kwamba shimo moja huko Geita limeporomoka na kufukia watu. Majina hakuna aliyeyajua.

Tangu hapo brashi haikutulia. Lori likinguruma barabarani, Mwahija anainuka, anachungulia. Akirudi anakuta rangi imekauka vibaya, imeacha alama kama ya maji ya mvua ukutani. Akijaribu kuifuta, wekundu wa sketi ya yule mama unaingia kwenye uso wa mpiga fidla. Anachana. Anaanza upya.

"Mwanangu, nenda nyumbani ukapumzike."

"Nyumbani ni pabaya zaidi, mzee. Huko ukimya unanila."

Siku moja Masele, dereva wa njia ya Geita, alisimamisha lori mbele ya duka la mzee. Mwahija alitoka mbio, brashi mkononi.

"Mwangaluka, mayu," Masele alimsalimu kwa Kisukuma.

"Salehe umemwona?"

Masele alikuna kichwa. "Wanasema shimo lenyewe ndilo alilokuwa akichimba. Lakini sikumwona akitolewa, mzima wala maiti."

Mwahija alirudi ndani akakaa. Hakulia. Alichovya brashi akapaka, akapaka, bila kungoja chochote kikauke, hadi wageni wote wakayeyukiana wakawa tope moja la zambarau. Mzee hakumzuia.

Ijumaa Salehe akaingia mlangoni kwa miguu yake, mwekundu kwa vumbi, anatabasamu.

"Nimeambiwa uko huku."

"Ulikuwa wapi?"

"Runzewe. Dhahabu ilinishinda, nikaenda kushona huko kabla shimo halijabomoka. Kwani salamu zangu hazikufika?"

"Salamu! Salehe, mimi nimeshakuzika!"

Alimpiga ngumi kifuani, kisha akamkamata shati asimwachie. Mzee Zamoyoni aliingia chumba cha giza cha kusafishia picha akajifanya ana kazi.

Haukupita muda, Salehe akaanza kuulizia usafiri wa kurudi Runzewe. "Twende wote," alisema.

"Nitakuja. Kwanza nijue kufanya kitu cha mikono yangu. Siwezi tena kukaa nikichungulia njia."

Salehe alitangulia; Mwahija alimfuata baada ya mavuno, karatasi ya picha aliyoianza upya akiwa ameiviringisha kwenye khanga. Picha aliimalizia Runzewe, kando ya cherehani, huku akimsikia mumewe akiwauliza wateja habari za almasi inayochimbwa Mabuki.