Mbwa wa Wauza Nyama

Siku binti yangu alipomleta mchumba wake buchani, machale yalinicheza. Mwanamume gani anakwenda kujitambulisha kwa mama mkwe ameshika mbwa kwa kamba? Tena si kijibwa, ni jibwa jeusi lenye kichwa kama sufuria.

Niliendelea kukata mbavu. Nikamuuliza ni mbwa gani huyo. Akasema ni rotwaila, na hapo maneno yakamtoka kama bomba lililopasuka. Jina limetoka kwenye mji wa Rottweil, kule Ujerumani. Zamani wauza nyama wa huko walimtumia kuswaga ng'ombe na kukokota mikokoteni ya nyama, ndipo watu wakamwita mbwa wa wauza nyama wa Rottweil.

Loo, nikaweka shoka chini. Bucha hili kaniachia marehemu mume wangu, na mashemeji wamelimezea mate mpaka koo limewakauka. Sasa na huyu anakuja na historia ya nyama mdomoni? Kaisoma biashara yangu kabla hajanisoma mimi.

Nikamtega. Sisi wa buchani mfanyakazi mpya tunamwachia mnofu juu ya gogo, tunajifanya tumeitwa nje, kisha tunachungulia. Nikawaaga kwamba nakwenda kuchota maji, nikajibanza nyuma ya mlango. Kijana hakugusa kitu. Mbwa aliutazama ule mnofu, akalala chini ya gogo. Niliporudi nikanyoosha mkono kuuchukua, akasimama akaningurumia. Mimi, ndani ya bucha langu!

"Umeona?" nikamwambia binti yangu. "Hata hajakaribishwa kiti, keshajimilikisha. Mbwa kafundwa na bwana wake huyo. Mtu wako atoke, na sitaki kumwona tena."

Kijana akasema, "Samahani, mama," akamfunga mbwa kwenye nguzo ya mlango, akaondoka kichwa chini. Hata kumwacha mbwa nikaona ni ujanja. Binti yangu akavua taratibu aproni aliyovaa kunisaidia kazi. Ni mpole kama baba yake, huwa hanijibu, lakini siku hiyo alinijibu.

"Mbwa si wake, mama. Ni wako. Mimi nikiolewa utabaki peke yako na hao baba wadogo wanaokuja kukutisha kila mara. Alihangaika kumtafuta mbwa ambaye hata jina lake linatokana na kazi yako. Leo alikuja kukukabidhi."

Akatoka kumfuata mwenzake.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikakimbilia nje na damu ya nyama mikononi. Walikuwa wanakata kona, na niliyetaka ageuke ni yule kijana, anisikie nikimwomba radhi. Nikafungua mdomo nimwite. Jina la mbwa nalijua mpaka mji lilikotoka. La mkwe wangu sikuwahi kumuuliza.